Mlima Ukiporomoka: Namna ya Kufikisha Sadaka Jikoni

Nauza nafaka Mbale, mashariki mwa Uganda, na ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa msikiti wetu. Mvua zikizidi huko Mlima Elgon, simu yangu huanza kulia kabla redio haijasema kitu. Swali ni lile lile: "Hajati, tupeleke nini?" Basi nimeamua kuliandika jibu, ili mwakani nikipigiwa simu nitume maandishi haya, nirudi kwenye mizani yangu.

Na mwakani maafa yatakuwepo. Machi 1, 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifukiwa chote. Oktoba 2018 Mto Suume ulishuka na mawe mpaka Bukalasi. Mwisho wa Julai 2022 Mto Nabuyonga ukaingia mjini kwetu usiku, na Novemba 27, 2024 ikawa zamu ya Masugu na vijiji vya jirani, Bulambuli. Miteremko ni mikali, udongo ule wa mfinyanzi hunywa maji hadi ukazidiwa, miti imekatwa, na watu ni wengi. Anayesubiri maafa ndipo aunde kamati amechelewa. Undeni sasa, jua likiwa kali.

Piga simu kabla ya kukodi lori

Mtafute mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijiji kilichoathirika, au mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu aliyeko huko. Muulize mambo matatu. Watu wanalala wapi: shuleni, kanisani, au kwa ndugu zao? Gari linafika mpaka wapi? Nani ameshapeleka nini?

Hilo la pili ndilo watu hulipuuza. Mlimani lori hukomea mahali, mzigo ukapanda boda, na boda ikishindwa, mzigo unapanda kichwani kwa mtu. Gunia la kilo 100 hapo ni adhabu. Fungeni unga kwenye mifuko ya kilo 10 huku huku mjini, mama aliyefiwa aweze kubeba wake mwenyewe.

Halafu mjulisheni mkuu wa maafa wa wilaya kwamba mnakuja. Shughuli za maafa ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na wilaya ina kamati yake. Msiende kuomba ruhusa ya kumpa jirani chakula. Nendeni muandikwe, ili kesho misikiti mitatu isirundikane shule moja huku kijiji cha juu kikikaa na njaa.

Kusanyeni pesa, na nguo ziacheni

Najua nguo ni rahisi kutoa. Kila nyumba ina furushi. Lakini nimeshaona uwanja wa shule umejaa makoti mazito na viatu vya kisigino kirefu, mvua inavinyeshea, na watoto wanavikanyaga wakienda kuchota maji. Mkipenda kupeleka kitu cha kuvaa, nunueni chupi mpya, pedi, leso za kujifunga na blanketi. Hayo hayakosi mtu wa kuyapokea.

Pesa zipokelewe kwa simu, kwenye laini inayosimamiwa na watu wawili. Kila senti iandikwe daftarini, na jumla isomwe hadharani Ijumaa baada ya swala. Sisi tumeshirikiana na majirani wa Kanisa la Uganda na Wakatoliki: lori moja, daftari moja, nao husoma hesabu zao Jumapili. Mbale ni mji wa Waislamu, Wakristo na hata Wayahudi wa Nabugoye. Malori manne yenye bendera nne tofauti ni hasara ya dizeli tu.

Ndugu zangu Waislamu, hapa pana jambo. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi huielekeza kwa Waislamu. Sadaka haina mpaka huo. Kule Bududa wengi ni Wakristo. Kwa hiyo wekeni mifuko miwili tangu mwanzo: zaka peke yake, na sheikh awaongoze namna ya kuitoa, sadaka ilishe kila mwenye njaa bila kuulizwa jina lake.

Unga, maharage na sufuria

Hapa niacheni niseme kwa kirefu, maana ndiyo kazi yangu.

Pigeni hesabu kwa jiko, msipige kwa gunia. Posho, yaani unga wa ugali, nusu kilo kwa mtu mzima kwa siku inatosha. Familia ya watu sita ni kilo 3 kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Ongezeni maharage kilo 5, mafuta lita moja, chumvi na sabuni. Hapo mnajua familia ngapi mnaziweza. Bora familia 40 zile wiki nzima kuliko familia 200 zipewe bakuli moja moja, ndipo magombano yaanze.

Unga uchunguzeni kabla ya kulipa. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, chota, ukaze kwenye kiganja. Ukiachia na ukabaki donge, una unyevu. Nusa: ukisikia harufu ya stoo iliyofungwa, rudisha. Unga wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Msimu wa maafa wafanyabiashara wengine huona ndiyo nafasi ya kuondoa mzigo uliowakwama. Nawajua, ni wenzangu sokoni.

Maharage yawe ya msimu huu. Yale ya zamani hula kuni asubuhi mpaka jioni na bado yanagonga meno, na hawa watu hawana hata kuni, zimelowa. Ukitaka kujua, loweka kiganja kimoja usiku: mapya hufura, ya zamani mengine hubaki kama kokoto.

Na sufuria! Mara ngapi watu wamepewa unga hawana cha kuupikia? Nyumba imefukiwa pamoja na jiko lake. Kila familia ipate sufuria yenye kifuniko, mwiko, sahani na jerikeni mbili za lita 20, moja ya maji ya kunywa pekee. Maji yachemshwe au yatiwe vidonge vya dawa. Vyoo vya shule vikizidiwa, kipindupindu hakiko mbali.

Kugawa

Daftari la LC1 ni mwanzo tu. Kaeni na mama mmoja wa kijiji kile, msome majina polepole, naye atawaambia nani ameachwa. Mara nyingi ni waliopokelewa na ndugu: hawaonekani shuleni, na nyumba iliyowapokea sasa inalisha watu kumi na watano. Mwanamume mwenye wake wawili ana majiko mawili. Kila mke aandikwe kwa jina lake. Wajawazito na wazee waitwe kwanza. Gaweni mchana, wote waone, na mmalize mapema watu warudi kabla ya giza.

Picha ya mtu akipokea posho msipige. Mkihitaji ushahidi kwa waliochanga, pigeni picha ya mzigo na ya daftari lenye sahihi na dole gumba. Na mahubiri yasitangulie chakula. Mwenye njaa akisimamishwa juani asikilize khutba, anasikia tumbo lake tu.

Maneno ya kumwambia mfiwa

Semeni kidogo. "Pole sana," mkae naye chini. Yule anayesimama kusema mlima umeporomoka kwa dhambi za watu wa Bugisu, mrudisheni kwenye lori. Kwetu Mtume, rehema na amani zimshukie, amewataja aliyezama majini na aliyeangukiwa na kifusi miongoni mwa mashahidi. Mwambieni hivyo Mwislamu aliyefiwa. Nimeona uso wa mtu ukilegea kwa kusikia maneno hayo tu.

Wapo ambao miili yao haitapatikana. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunaswali swala ya maiti asiyekuwepo. Wakristo nao watakuwa na ibada yao. Waulizeni padri au mchungaji ni saa ngapi, nanyi lori lenu lisiingie na honi katikati ya maombi. Ila ibada isifanyiwe chini ya mteremko ulioporomoka. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama, chemchemi iliyogeuka tope ghafla: mkiona hayo ondokeni, hata kama sheikh hajamaliza dua.

Na msiwagombeze kwa kuishi huko juu. Baada ya 2010 serikali iliwahamishia wengine Kiryandongo, na baadaye wengine Bunambutye. Wapo waliorudi. Mlimani kuna kahawa yao na makaburi ya wazee wao.

Magari yakishaondoka

Wiki ya kwanza kila mtu yuko pale, na wabunge pia. Ya tatu hamna mtu. Kwa hiyo nusu ya mchango ifungieni kuanzia siku ya kwanza, isiguswe. Wiki ya tatu pigeni simu tena kwa yule mama wa daftari na muulize upya. Mara nyingi atataja majembe, mbegu za maharage, madaftari ya watoto na ada ya shule.

Atataja pia jambo ambalo hakuna anayelifikiria: vitambulisho. Vya taifa vimefukiwa, na bila kitambulisho mtu hawezi kurudisha laini yake ya simu, na bila laini hata mtoto wake aliyeko Kampala hawezi kumtumia pesa. Tengeni nauli na ada ya kuwapeleka ofisi ya wilaya ya NIRA, ndio wanaotoa vitambulisho, kila mmoja na barua ya LC1 mkononi. Watakaotangulia wawe wajane, maana laini ya nyumba mara nyingi ilikuwa kwa jina la marehemu.