Mgagani: usiung'oe, upande (somo)

Jamani, mvua za Disemba zikianza tu huku Dodoma mgagani, ile mboga ya majani yenye uchungu kidogo, unaota wenyewe kila kona, pembeni ya zizi, katikati ya mahindi, watu wanapalilia wanatupa, afu kiangazi hao hao wako sokoni wananunua mkavu. Mi inaniuma kwa kweli, ndo maana nimeandika hili somo.

Hatua ya kwanza mbegu, hapa ndo wengi wanafeli. Mbegu ya juzi haioti vizuri, iache sehemu kavu miezi mitatu mpaka sita. Chuma maganda yakiwa ya njano, ukichelewa yanapasuka na mbegu yote inamwagika chini.

Hatua ya pili tuta. Liwe juani, lenye samadi iliyooza. Mbegu ni ndogo mno so changanya na mchanga mkavu, mwaga kwa mstari, funika na udongo kiduchu, kama wiki hivi inachomoza. Baadae punguzia, bakiza sentimita 15 mche na mche, na hiyo uliyong'oa ni mboga tayari.

Hatua ya tatu maua. Mgagani unavumilia ukame ila ukiunyima maji unakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa madogo na machungu. Kuanzia wiki ya tano anza kukata ncha, na kila ua unaloliona likate, utachipua pembeni na utavuna wiki nyingi tu.

Kupika: chemsha, mwaga maji ya kwanza, kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, malizia na karanga za kusaga, ugali wa uwele pembeni. Basi.

MASWALI

Huu si ndo saga ya huku Kenya?
– Ndo wenyewe. Wakisii wanauita chinsaga, na wengi huko wanaupika na maziwa, uchungu unapungua kabisa, jaribuni.

Nimepanda mara mbili haujaota hata mmoja, mbegu nilitoa kwa mama wiki hiyo hiyo
– Pole ndugu, rudia hatua ya kwanza. Hiyo iliyobaki usiitupe, iweke tu mpaka msimu ujao.

Kumwaga maji si unamwaga na vitamini?
– Zingine zinaenda kweli. Mi majani machanga simwagi maji, natia maziwa, yaliyokomaa ndo namwaga.

Wa kukausha unafanyaje dada?
– Chemsha dakika chache, chuja, anika kwenye ungo au mkeka safi, ukikatika kwa vidole ni tayari, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Siku ya kupika uloweke kwanza.