Somo: Kuandika Makala ya Utafiti Kuhusu Takwimu na Maadili ya Tiba, kwa Mfano wa Jaribio la Tohara la Kisumu

Wanachuo wengi wanaopewa mada hii huandika makala mbili zilizobandikwa pamoja: kurasa za takwimu, kisha kurasa za maadili, nazo hazikutani popote. Ninashauri uchague jaribio moja ambalo swali lake la kimaadili limo ndani ya hesabu yenyewe.

Hatua ya kwanza ni swali. "Umuhimu wa maadili katika takwimu" si swali, kwa kuwa hakuna atakayelipinga. Tazama hili: mwaka 2005 matokeo ya jaribio la Orange Farm, Afrika Kusini, yalionyesha kuwa tohara ilipunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume kwa takribani asilimia 60, na jaribio likasimamishwa mapema. Majaribio mengine mawili ya aina hiyo, la Kisumu, Kenya, na la Rakai, Uganda, yaliendelea hadi Desemba 2006. Je, ilikuwa haki kuwasubirisha vijana wa kundi linganishi, yaani wale ambao hawakutahiriwa mwanzoni ili walinganishwe na waliotahiriwa, kwa muda wote huo?

Hatua ya pili ni kuzisoma namba kabla ya kujenga hoja, na hapa usiharakishe. Kisumu waliandikishwa wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wakagawanywa kwa bahati nasibu: 1,391 wa kutahiriwa mara moja na 1,393 wa kusubiri miaka miwili. Walioambukizwa walikuwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika la pili. Kwa makadirio ya miaka miwili, asilimia 2.1 dhidi ya 4.2. Watafiti walitangaza kinga ya asilimia 53. Wewe toa 2.1 kwenye 4.2, upate 2.1 kwa kila wanaume 100, kisha gawanya 100 kwa 2.1, uone kwamba wanaume wapatao 48 hutahiriwa ili mmoja aepushwe na maambukizi katika miaka hiyo miwili. Namba zote mbili ni za kweli, lakini kijana anayeombwa ridhaa akitajiwa ile ya asilimia 53 peke yake anaweza kuondoka akiamini kuwa hana haja tena ya kondomu. Kwa hiyo kuchagua namba ya kumwambia ni jambo la maadili, na aya hii ndiyo moyo wa makala yako.

Hatua ya tatu ni kuzipa pande zote mbili nguvu zake kamili. Anayetetea kuendelea atasema kwamba jaribio linalokatishwa mapema huelekea kukuza faida, kwa sababu husimamishwa pale tofauti inapoonekana kubwa, na sehemu ya ukubwa huo yaweza kuwa bahati tu. Anayepinga atasema kwamba mwezi mmoja wa uhakika zaidi kwa mtafiti ni mwezi mmoja wa hatari kwa anayesubiri. Baada ya hapo chukua msimamo. Mimi huona makala isiyo na msimamo haijakamilika.

Maswali ya wanachuo

Swali: Mwalimu, nimegawanya 22 kwa 1,391 nikapata asilimia 1.6, si 2.1. Nimekosea wapi?

Jibu: Hukukosea, na nimefurahi kwamba umehesabu mwenyewe. Jaribio liliposimamishwa, baadhi ya washiriki walikuwa hawajatimiza miezi 24, hivyo watafiti walikadiria hatari ya miaka miwili kwa kuzingatia muda ambao kila mmoja alifuatiliwa. Lieleze hilo kwenye makala.

Swali: Je, nahitaji kibali cha kamati ya maadili?

Jibu: Kwa takwimu zilizokwisha kuchapishwa, kwa kawaida hapana, ila mwulize msimamizi wako. Ukitaka kuwahoji watu, hata wanafunzi wenzako watano, omba kabla ya kuanza.

Swali: Samahani Mwalimu, wale wa kundi linganishi waliishia wapi?

Jibu: Jaribio liliposimamishwa walipewa nafasi ya kutahiriwa bila kungoja miaka miwili itimie. Liandike hilo, na uandike pia kwamba wale 47 walikuwa wamekwisha kuambukizwa.