Kusikiliza na kuongea wawili wawili: mazoezi ninayofanya na wapagazi wanaojifunza Kiingereza hapa Moshi

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Moshi, kwenye chumba cha kuazima upande wa Majengo, na wanafunzi wangu wengi ni wapagazi, wagumu kama wenyewe wanavyoitana, pamoja na wapishi wa mlimani na mabinti wa mapokezi kwenye mahoteli madogo madogo. Siku ya kwanza kila mtu anakuja na maneno yale yale, "ticha mi kusikia nasikia, ila kuongea ndo kunanipiga chenga". Zamani nilikuwa nawaamini, nawapa mazoezi ya kuongea tu, simama mbele, jitambulishe, elezea familia yako, makofi, kaa. Siku hizi siwaamini tena na aliyenibadilisha ni kijana mmoja aliyeshuka mlimani na ugomvi.

Yeye na wenzake walipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, usiku wa mwisho kabla ya kushuka mgeni akamwambia kila mpagazi atapata dola "fifteen", yeye akasikia "fifty", akaitikia "yes, yes, thank you", akaenda kwenye hema kuwapa wenzake habari njema. Kesho yake geti la Mweka zikatoka 15 kila mtu. Wenzake wakaamini kuna hela imeliwa njiani na yeye anajua imeenda wapi. Jioni alivyokuja darasani hata kukaa alikuwa hataki. Tukarudia yale maongezi neno kwa neno na nikaona mambo mawili, kwanza sikio lake halikuwa linatenganisha zile namba, pili hata angekuwa na wasiwasi asingeuliza, maana yule mgeni alikuwa mtu mzima na sisi tumelelewa kwamba mtu mzima akisema unaitikia, huanzi kumhoji. Kwa hiyo hayo mawili ndo nayafundisha, sikio na ujasiri wa kuuliza, na yote yanafundishika vizuri sana watu wakikaa wawili wawili kuliko ticha kusimama mbele anahubiri.

Ila sio kila zoezi la wawili linafanya kazi. Ukiwaambia tu "ongeeni kuhusu weekend", dakika ya pili wameshamaliza, ya tatu wanapiga stori kwa Kiswahili, ya nne Kichaga kimeingia, na huwezi kuwalaumu kwa sababu hakuna anayehitaji chochote kutoka kwa mwenzie. Zoezi lazima liwe na pengo la habari, yaani mmoja ana kitu ambacho mwenzie hana na hawezi kukipata bila kusikiliza. Alafu, hili ndo wengi wanalisahau, anayesikiliza awe na kazi ya mkono, aandike, achore, apange, atie tiki. Mtu anayetikisa kichwa tu huwezi kujua kama kaelewa au ana adabu.

Tuanze na namba maana ndo zinaleta ugomvi wa hela. Kiswahili karibu maneno yote tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kiTAbu, mpaGAzi, mliMAni, sasa mtu anabeba mazoea yale yale anaenda nayo kwenye "fifteen" anasema FIFteen, na ile "n" ya mwisho ikififia tu imeshakuwa "fifty". Kwa hiyo mwambie akaze mwisho na avute, fifTEEN, na "fifty" akaze mwanzo aikate fupi. Wakishaielewa, kila mtu anaandika kwenye daftari namba kumi akichanganya 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50, hivo hivo hadi 19 na 90, anaficha, anamsomea mwenzie mara moja tu kwa spidi ya kawaida. Mwenzie anaandika, na kabla ya kuandika lazima ahakikishe kwa kuuliza "one five or five zero?" Hicho kiswali kidogo nakipenda kuliko mazoezi yote, kwa sababu kinafanya kazi hata kama sikio bado halijakaa sawa, mtu akiondoka na hicho tu kwa wiki ya kwanza sio haba. Wakizoea wanahamia kwenye sentensi zenye namba za kazi yao, bei ya chumba, idadi ya mizigo, kilo, urefu wa kilele cha Uhuru mita 5,895, na hapo hapo wafanye na futi 19,341 maana mgeni wa Marekani ukimpa mita anakuuliza futi.

Saa nazo ziingie humo humo. Sisi saa kumi na mbili asubuhi wao ni "six", na mtu akiwa na haraka anatafsiri moja kwa moja anasema "we leave at twelve", mgeni analala mpaka mchana gari limeshaondoka. Zoezi lake rahisi, kila mmoja ana ratiba ya siku yenye nafasi tupu, za huyu zimejazwa kwa mwenzie, wanaulizana mpaka ratiba zote mbili zijae, na wanachora kabisa uso wa saa pembeni ili mkono uonyeshe alichosikia.

Zoezi la pili ni mgongo kwa mgongo. Viti viwili vinageuziana mgongo, mmoja ana ramani nimechora kwa peni, Mnara wa Saa, stendi, soko la Mbuyuni, reli, duka la dawa, hoteli mbili tatu, mwingine ana karatasi yenye Mnara wa Saa peke yake. Mwenye ramani anaelekeza, mwenzie anachora. Kugeuziana mgongo sio mchezo, mkiangaliana mtu anaelekeza kwa kidole na mdomo na zoezi limekufa. Na usiweke sehemu zote mahali zilipo kweli, hamisha kadhaa, la sivyo mtu wa Moshi anachora mji anaoujua kichwani bila kusikiliza hata neno.

Hapa ndo niligundua lile tatizo la adabu linavyofanya kazi. Niliwakalisha mzee mmoja aliyepanda mlima miaka mingi na kijana ambaye angekuwa mjukuu wake. Mzee anaelekeza taratibu, anachanganya "left" na "right", na yule kijana kila sentensi anajibu "yes mzee, yes mzee", peni inaenda tu. Walipogeuka karatasi mbili hazifanani hata kidogo, duka la dawa liko juu ya reli. Nikamuuliza kijana mbona hukuuliza, akasema ticha ningemuulizaje mzee mara zote hizo. Basi wiki iliyofuata nilikuja na punje za mahindi kwenye kikombe. Kila msikilizaji anapewa punje tatu, kila akiuliza swali anaweka punje moja upande wa mwenzie, na zoezi halijaisha mpaka punje zake zote ziishe, hata kama ramani imekamilika. Kuuliza sasa sio utovu wa adabu tena, ni kazi uliyopewa na ticha, na mzee mwenyewe ndo akaanza kumhimiza kijana, "bado una mbili hapo, uliza".

Ila wape maneno ya kuulizia kabla, usiwaache watafute. Mi naandika matatu ubaoni na yanakaa hapo muda wote: "Sorry, did you say left or right?", "Do you mean next to the station?", "Can you say the last part again, please?" Ona kwamba yote yanarudisha kile ulichokisikia au yanaonyesha ni wapi umepotea. Ukisema tu "what?" mwenzio anarudia yote kuanzia mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na bado hujaelewa. Na hata kwenye Kiswahili ndivyo tunavyofanya kwa heshima, "samahani mzee, umesema Jumanne au Jumatano?" hakuna mzee anayekasirika kwa hilo, nikiwaonyesha kwamba tayari wanaijua hiyo njia kwa lugha yao wanalegea.

La tatu ni 4, 3, 2. Paul Nation, mtaalamu wa kufundisha lugha wa New Zealand, ameliandikia sana, na linahitaji saa tu. Mtu anasimulia kitu anachokijua vizuri kwa dakika 4, anahamia kwa mwenza mwingine anasimulia kile kile kwa dakika 3, alafu wa tatu dakika 2. Kwa kuwa habari ni ile ile ulimi unafunguka, zile "eeeh" zinapungua, na mwenza ni mpya kwa hiyo kwake ni habari kweli. Topiki iwe ya mikono yao, mpishi aeleze jinsi ya kupika uji wa watu kumi kambini asubuhi ya baridi, dada wa mapokezi aeleze mgeni anafika hana booking inakuwaje. Na msikilizaji je? Yeye anaandika mambo matatu aliyosikia na jambo moja ambalo halikueleweka, anamsomea msimuliaji kabla hajaondoka, ili raundi inayofuata alirekebishe. Wanaoanza kabisa 4 ni nyingi, anza na 3, 2, 1 na nusu.

Kwa waliopanda kidogo kwenye Kiingereza nafanya lile la kujenga upya maandishi, Ruth Wajnryb wa Australia alilitolea kitabu mwaka 1990. Nasoma kipande kifupi mara mbili kwa spidi ya kawaida, mara ya kwanza peni chini, ya pili wanadaka maneno wanayoweza, alafu wawili wawili wanaunganisha walichodaka mpaka wapate maandishi kamili. Kipande changu cha kila siku ni hiki: "Tomorrow we will walk for about six hours. Walk slowly and drink at least three litres of water. If you have a headache, tell your guide. Don't wait until the evening." Maneno makubwa wote wanayapata, "six", "water", "headache". Vinavyopotea ni vidogo, "about", "at least", "until", na hivo vidogo ndo vinabeba maana, maana "at least three litres" na "three litres" sio agizo moja, na kichwa kuuma kule juu ndo dalili ya kwanza kwa wengi, huwezi kukosea hiyo sentensi. Waache wabishane. Huyu anasema nimesikia "wait", mwenzie anasema hapana ilikuwa "don't wait", na ili amshawishi inabidi aeleze kwa nini, tena kwa Kiingereza, ndo unapata maongezi ya kweli ambayo topiki ya familia haijawahi kuleta.

Sauti za herufi nazipitia haraka, dakika kumi tu mwanzoni. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza zinazidi hapo sana, kwa hiyo "ship" na "sheep", "cat" na "cut" kwetu zinaangukia sehemu moja. Mmoja anasema neno, mwenzie ananyoosha kidole kwenye moja ya picha mbili, wakikosea wanabadilishana. Kuhusu "th", kabla ya kuhangaika na "thirty" waambie wataje 30 kwa Kiswahili. Wengi wa huku kwetu wanasema selasini. Anayeweza kuitamka "thelathini" sawasawa ulimi wake tayari unajua pa kukaa, anauhamishia tu kule.

Moshi tuna bahati ya wageni wanaokaa miezi kadhaa wanajifunza Kiswahili, ukimpata mmoja mwenye nia mgawane saa, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na simu iwe na alamu, ikilia mnabadilisha hata kama stori ni tamu. Bila alamu atakayeshinda ni yule anayeijua lugha ya mwenzie vizuri zaidi, na mwingine anaondoka hajafanya chochote. Mpe na yeye zile zile saa zetu, atakwambia "tuonane saa mbili" akimaanisha mchana, na utaona mnajikwaa kwenye jiwe moja kutoka pande mbili. Kama mko mbali tumianeni voisi WhatsApp, sharti ni moja, kabla ya kujibu unaanza na "you said..." unarudisha ulichosikia.

Wakati wanaongea usiwakatize kurekebisha. Mi nazunguka na daftari, nasikiliza kila wawili dakika moja, naandika makosa bila majina, mwishoni naweka matano ubaoni tunayanyoosha pamoja. Kelele zitakuwepo, watu ishirini na kitu wakiongea kwa mpigo majirani wanachungulia, ongea nao mapema. Na wabadilishe wenza kila zoezi, ndugu na marafiki wakikaa pamoja wiki nzima wanaanza kuelewana kwa macho.

Idadi ikiwa ya kutogawanyika kwa mbili usikae wewe na yule aliyebaki, utashindwa kuwasikia wengine. Muongeze kwenye wawili awe shahidi, haongei, kazi yake ni kuandika kila swali linaloulizwa na jibu lake, na mwishoni anawasomea. Yule kijana wa dola 15 mara nyingi anaomba mwenyewe hiyo nafasi, na juzi alisimamisha wenzake katikati ya ratiba, akamwambia msikilizaji, "hapo umesema yes, lakini hujauliza one five or five zero".