Namna ya kupima maoni yanayogongana juu ya bia moja: eli ya Kiingereza katika meza ya Bukavu

Shemeji yangu aliporudi Bukavu kutoka Ulaya kwa njia ya Kigali, alileta chupa sita za nusu lita za bia ya mtindo wa Kiingereza iitwayo eli, iliyopikwa na kiwanda kidogo cha mafundi wachache na kutolewa mara moja tu, kwa idadi ndogo. Jioni ya kwanza tulifungua tatu, sisi watu saba, nyumbani katika mtaa wa Nguba, na kabla povu halijatulia maoni yalikuwa yamekwisha kugawanyika. Mmoja alisema amepewa maji machungu. Mwingine alisema inanuka kama mpira wa gari ulioungua. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa kawaida hasifu kitu, alisema anasikia asali na majani ya chai, akaomba aongezewe. Kesho yake tuligundua kwamba watatu hao hawakunywa kitu kimoja: chupa ya kwanza ilitoka karibu na barafu ya frigo, ya pili ilikuwa imesimama siku mbili dirishani penye jua kwa sababu mtoto wa nyumba aliipenda lebo yake, na ya tatu ilikuwa chini ya kitanda, gizani. Tangu siku hiyo nina utaratibu ninaoufuata, nao ndio ninaoueleza hapa kwa yeyote atakayepata bia ya namna hii na kutaka kujua kama sifa na lawama anazozisikia zinahusu bia yenyewe au zinahusu jinsi ilivyowekwa na kumiminwa.

Anza kwa kujua unachokinywa. Bia tuliyoizoea mjini, yaani Primus na ndugu zake, ni laga: hamira yake hufanya kazi katika baridi ya nyuzi 8 hadi 13 hivi za Selsiasi, kisha bia hulazwa kwenye baridi kali zaidi kwa muda, na matokeo yake ni kinywaji safi, chepesi, chenye gesi nyingi. Eli huchachuka kwa hamira ya jamii nyingine, katika joto la nyuzi 18 hadi 22 hivi, na hamira hiyo ikifanya kazi kwenye joto huacha harufu za matunda ingawa hakuna tunda lolote lililotiwa. Mama anayepika kasiksi, pombe ya ndizi, hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu, kwa maana pombe yake pia huchachuka kwa joto, na harufu nzito inayomlaki mtu mlangoni haitoki kwenye ndizi peke yake, bali hamira nayo ina sehemu yake. Mtu akionja eli na kusema ina harufu ya tofaa au ya ndizi iliyoiva, usimcheke, kwani amenusa sawasawa.

Soma lebo kabla ya kuwaalika watu. Eli za Kiingereza za aina ya bita huwa na kilevi kidogo kuliko watu wanavyodhani: zile za kawaida huwa kati ya asilimia 3.2 na 3.8, za daraja la kati hufika 4.6, na zile kali huweza kuvuka 6 kidogo. Ukiona 4, usimwahidi mgeni kwamba ataangushwa na vikombe viwili. Ahadi ya namna hiyo huzaa lawama ambazo bia haikustahili. Angalia pia majina ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Fuggle na East Kent Goldings, ambazo ni hopsi za jadi za Uingereza, hutoa harufu ya udongo, ya nyasi kavu, ya maua na ya asali, tofauti na hopsi za Marekani kama Cascade, ambazo hukumbusha balungi na maganda ya machungwa. Mnywaji aliyezoea bia za mafundi za Kimarekani ataiona eli ya Kiingereza kuwa imepooza, na mnywaji wa laga ataiona kuwa nzito. Wote wawili wanasema ukweli juu ya mazoea yao, na hapo ndipo nusu ya ugomvi wa mezani hutokea.

Jambo linalofuata ni kuihifadhi, na hapa nitakawia kwa sababu ndipo tulipokosea. Jua ni adui wa bia yoyote yenye hopsi. Mwanga ukipenya kioo hubadilisha viini vya uchungu wa hopsi na kuzaa harufu mbaya ya salfa, ambayo wengine huifananisha na kicheche na wengine na mpira ulioungua, na kazi hiyo haihitaji siku, kwani kwenye jua kali dakika chache zinatosha. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, hakizuii karibu chochote. Za shemeji zilikuwa nyeupe, nzuri kwa macho na mbaya kwa safari. Kwa hiyo funga kila chupa kwa gazeti, iweke gizani mahali penye ubaridi, na uisimamishe wima bila kuilaza, hasa ikiwa lebo inasema kwamba hamira imeachwa ndani. Masimbi ya hamira, yaani mashapo yake, hutikisika njiani, na asiyejua barabara zetu na aulize mizigo yake. Baada ya safari ipe chupa siku tatu au nne ili masimbi yashuke chini, la sivyo utamimina kitu chenye ukungu na mtu atasema imeharibika.

Halafu baridi. Uingereza, eli ya pipa hutolewa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13, ubaridi wa ghala la chini ya nyumba, wala si ubaridi wa barafu. Mila hiyo ilipokaribia kupotea mbele ya bia za viwanda vikubwa, wanywaji wenyewe walianzisha chama cha kuitetea, CAMRA, mwaka 1971. Frigo ya nyumbani ikifanya kazi vizuri huwa na nyuzi 4 hivi, na katika baridi hiyo ulimi hufa ganzi, harufu hazipandi, na kinachobaki ni uchungu peke yake. Ndiyo maana mwenzetu wa kwanza alisema amepewa maji machungu. Toa chupa kwenye frigo nusu saa au zaidi kabla ya kumimina, ukaiache mezani. Umeme ukiwa umekatika, jambo ambalo si geni kwetu, huna hasara kubwa: mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi ni wa baridi, na chupa iliyofungwa kitambaa kilicholowa maji na kuwekwa penye upepo hadi alfajiri itakuwa karibu na kipimo kinachotakiwa. Wazee wanaoagiza bia ya moto kwenye nganda, yaani baa, huku vijana wakiwacheka, wangejisikia nyumbani zaidi mbele ya eli kuliko vijana hao.

Bilauri nayo ina maneno yake. Ioshe kwa maji moto, uisuuze mpaka sabuni iishe kabisa, uiache ikauke kwa kuinamishwa, kwa sababu mafuta na sabuni huua povu. Jioni ile ya kwanza tuliandaa sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, na kila aliyekula kabla ya kunywa aliona povu likikimbia pale mdomo wake ulipogusa ukingo, kama lililofukuzwa. Naye akahukumu kwamba bia imekufa. Isitoshe, eli ya Kiingereza huwa na gesi kidogo kwa asili yake. Laga hubeba gesi kiasi cha mara mbili na nusu ya ujazo wake, lakini bita ya pipa hubeba mara moja hadi moja na nusu tu, na ile ya chupa kwa kawaida huwa katikati. Waambie wageni jambo hili moja mapema. Mengine usiwaambie: usitaje bei, usitaje kwamba zilitengenezwa chache, wala usieleze ilivyovushwa mpaka wa Ruzizi, kwa sababu mtu akijua kwamba kitu ni adimu, ama atakisifu kwa heshima ya aliyekileta, ama atakilaumu kwa kuwa alitegemea muujiza.

Watu wakishaonja, usiwaulize kama ni nzuri. Swali hilo linachanganya maswali matatu, na ni vema uyatenganishe na kumpa kila mmoja karatasi ayajibu peke yake kabla mazungumzo hayajaanza, maana mwenye sauti kubwa akisema la kwanza wengine watafuata. Swali la kwanza: je, ina kasoro? Hapa tafuta mpira ulioungua, ambao ni kazi ya jua. Karatasi ya boksi iliyolowa, ambayo ni dalili ya bia iliyozeeka au iliyoingiwa na hewa. Na uchachu wa siki au wa maziwa yaliyolala, ambao ni wa vijidudu vilivyoingia bila kualikwa. Harufu ya siagi ina utata: kidogo sana inavumiliwa katika eli nyingi za Kiingereza, nyingi ni kasoro. Swali la pili: je, inafanana na inachodai kuwa? Bita inatakiwa iwe na uchungu unaobaki kooni baada ya kumeza, na ladha ya kimea inayokumbusha biskuti, mkate uliookwa au sukari iliyounguzwa kidogo. Ikiwa tamu kama soda, imekosea, hata kama meza nzima imeipenda. Swali la tatu tu ndilo linalohusu mapenzi: ungeinywa tena kwa fedha zako? Mama mmoja anayeuza sambaza mtaani Kadutu alijibu kwamba haina kasoro, inafanana na inachodai, na hataki kuiona tena. Kwangu hayo ndiyo majibu bora niliyowahi kuyapata, kwa sababu najua kila neno linamaanisha nini.

Ikiwa bado kuna anayebisha kwamba tofauti wanazosema watu ni za kufikirika, fanya jaribio la vikombe vitatu. Sisi tulilifanya mchana wa Jumamosi kwa chupa moja tu. Tuliigawa katika majagi mawili ya kioo, moja likazungushiwa kitambaa kizito na kuwekwa kivulini, la pili likasimama juani kwa robo saa, kisha yote mawili yakatumbukizwa katika beseni la maji mpaka yakawa na ubaridi mmoja. Kila mtu alipewa vikombe vitatu vidogo vya kahawa, vya udongo ili rangi isionekane vizuri, kila kimoja kikiwa na vijiko vinne vya chai vya bia. Viwili vilikuwa vya jagi moja na kimoja cha jagi la pili, na mpangilio ulibadilishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Kazi ni moja: onyesha kikombe kilicho tofauti. Anayebahatisha hupata mara moja katika mara tatu, hivyo kati ya watu saba wawili wanaweza kupatia bila kunusa chochote. Lakini watano au zaidi wakipatia, bahati peke yake ingeleta jambo hilo chini ya mara 1 katika 20. Kwetu walipatia sita. Wa saba alikuwa na mafua, naye alikiri mwenyewe baada ya matokeo kusomwa.

Juu ya chakula sina mengi. Jibini la Masisi linakwenda vizuri sana na eli ya namna hii, nyama ya mbuzi ya kuchoma vilevile, lakini vyote vije baada ya karatasi kukusanywa. Pilipili isikaribie meza kabisa.

Mwisho, andika maelezo yako kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo ataweza kuyatumia. Usiandike kwamba watu waligawanyika, kwa kuwa hilo halimsaidii yeyote. Andika nani alikunywa nini, katika hali gani. Haya ni maelezo yetu ya chupa ya tano, niliyoyanakili kama yalivyo: «Eli ya Kiingereza, asilimia 4.2, chupa nyeupe, imekaa gizani siku tisa, imesimama wima. Imemiminwa ikiwa na ubaridi wa maji ya ziwani alfajiri. Watu saba. Kasoro: hakuna, ila mmoja amesikia siagi kidogo. Inafanana na bita: sita ndiyo, mmoja hajui bita ni nini. Wangeinunua: watatu. Wasioinunua: wawili kwa sababu ya gesi kidogo, mmoja kwa sababu ya uchungu unaobaki kooni, na mama wa Kadutu, ambaye hakutoa sababu.»

Chupa ya sita usiiweke kwa miaka ukitumaini itanoga, kwa maana eli yenye kilevi cha asilimia 4 hupoteza harufu zake ndani ya miezi. Ya kwetu imefungwa kwa magazeti mawili chini ya kitanda, na lebo yake tuliibandua kwa maji ya uvuguvugu, tukampa mtoto.