Mbio za baiskeli za kufukuzana kwa timu, wanaume: kuwaandaa wanne kwa mita 4,000

Timu mbili za watu wanne zinaanza pande mbili zinazotazamana za uwanja, kila moja ikiifukuza nyingine. Kwenye uwanja wa mita 250, mita 4,000 ni mizunguko 16. Saa inasimama pale gurudumu la mbele la mtu wa tatu linapokata mstari, kwa hiyo wa nne ni mtaji: una ruhusa ya kuzimaliza nguvu zake kabla ya mwisho. Hapa tunachukulia kwamba vijana wako wameshazoea kona zilizoinuka kama ukuta (digrii 42 hivi) na baiskeli isiyo na breki wala gia ya kubadilisha.

Hatua ya 1: Panga muda wa kila mzunguko

Australia walipoweka rekodi ya dunia ya 3:40.730 mjini Paris, Agosti 2024, wastani wao ulikuwa sekunde 13.8 kwa mzunguko. Usipange kwa wastani, maana mnaondoka mkiwa mmesimama. Ukilenga dakika 4 kamili, tenga sekunde 21 kwa mzunguko wa kwanza. 15 iliyobaki inakuja 14.6 kila mmoja, yaani 7.3 kwa nusu. Hiyo 7.3 waijue kwa miguu, si kwa saa.

Hatua ya 2: Chagua gia, kaza mnyororo

Meno 58 mbele na 14 nyuma yanasogeza baiskeli kama mita 8.7 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kasi ya 14.6, hapo miguu inazunguka mara 119 kwa dakika. Ukishuka hadi 56, inadai 123. Gia nzito inaokoa pumzi katikati ya mbio lakini inamtesa anayeanzisha, kwa hiyo ijaribuni kwenye kuanza kwanza.

Zungusha pedali polepole utafute pale mnyororo unapokaza zaidi, kisha pima hapohapo: ucheze kidogo tu, kama sentimita moja. Ukiupima pale unapolegea, utajikuta umeukaza kupita kiasi.

Hatua ya 3: Wapange

Wa kwanza awe mwenye nguvu ya kuondoka, kwa kuwa ndiye anayeshikwa na mashine ya kuanzia na ndiye anayeongoza mwanzo. Wa pili awe mtulivu kuliko wote. Mwenye injini kubwa zaidi mara nyingi anafaa wa tatu au wa nne, ili asichomeke kwenye kuanza.

Hatua ya 4: Kuanza

Wa kwanza asimame kwenye pedali na kusukuma mpaka kasi ikaribie ile ya ratiba, ndipo akae. Asizidishe. Akitoka kama mshale, wa nne atalipa deni la kuziba pengo, na mbele ya safari mtabaki watatu mapema mno.

Hatua ya 5: Kupokezana

Hapa ndipo timu nyingi zinapovunjika. Anayetoka mbele apande ukuta mwanzoni mwa kona kwa mkato mmoja safi. Kupanda kunampunguzia kasi, wenzake wapite chini yake, kisha ashuke na kuingia nyuma ya gurudumu la mwisho. Mteremko wenyewe umrudishie kasi. Akichelewa kupanda, atashukia kwenye sehemu iliyonyooka, pengo litafunguka na atalazimika kulikimbilia.

Anayepokea asiongeze chochote. Ukiona 14.6, 14.2, 14.9, ujue mtu wa pili anafurahia kuwa mbele. Ile 14.2 haikuwapa faida yoyote: imemkata aliyetoka kupanda, ambaye anahitaji kasi ileile ili ashike mkia. Aliyechoka afupishe zamu yake, toka mzunguko mmoja na nusu hadi nusu, lakini asipunguze kasi.

Kocha asimame kandokando ya mstari wa kumalizia: hatua kadhaa upande mmoja wakiwa mbele ya ratiba, upande wa pili wakichelewa. Kelele zenu hawazisikii.

Hatua ya 6: Kumtumia wa nne

Yakibaki mizunguko mitatu au minne, aliyepangwa avute zamu ndefu ya mwisho mpaka akauke, kisha apande juu na abaki huko. Waliobaki watatu wapunguze kupokezana.

Na wasiinamishe vichwa wakasahau kutazama mbele. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Frederik Madsen wa Denmark alimgonga kwa nyuma Charlie Tanfield wa Uingereza, aliyekuwa ameachwa na wenzake, na wote wawili wakaanguka.