Mambo ya Kuzingatia kwa Afisa wa Jeshi Kabla ya Kurudi Uraiani

Umri wa kuondoka jeshini hufuata cheo. Ndiyo maana meja au luteni kanali ambaye hakupanda zaidi hujikuta akistaafu mapema kuliko mtumishi wa umma wa kawaida, anayeruhusiwa kukaa ofisini hadi miaka 60. Huondoka akiwa bado na nguvu, watoto wakiwa shuleni, na mara nyingi akiwa na mkopo ambao haujaisha. Makala haya yanamlenga afisa wa namna hiyo anayetarajia kufanya makao yake Nakuru, Kisumu au kwingineko magharibi mwa Kenya, na hoja yake kuu ni kwamba karibu kila jambo litakalomsumbua akiwa raia ni rahisi kulitengeneza akiwa bado kambini, ambako faili lake liko karibu, daktari anamfahamu, na mkubwa wake anaweza kutia sahihi barua inayohitajika.

Anza na faili. Omba kuziona kumbukumbu zako za utumishi miaka michache kabla ya tarehe ya kuondoka, usingoje miezi ya mwisho, kisha ulinganishe jina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kitambulisho na yale yaliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na rekodi za Mamlaka ya Ushuru. Herufi moja iliyokosewa siku ya kuandikishwa hukaa kimya miaka yote ya utumishi, halafu huamka siku ya kuomba pensheni. Baada ya hapo tazama ni nani walioandikwa kuwa mwenzi wako, watoto wako na jamaa wako wa karibu. Wapo maafisa ambao wakiwa makadeti katika chuo cha kijeshi pale Lanet waliandika jina la mzazi, na hata baada ya kuoa na kumzika mzazi huyo hawakurudi kulibadilisha. Katika sehemu zetu hizi ndoa nyingi zilifungwa kwa ng'ombe na baraka za wazee bila karatasi yoyote, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za kimila nazo ziandikishwe. Nendeni wote wawili kwa msajili mkachukue cheti wakati nyote mko hai na mnaweza kujieleza, kwa sababu mjane asiye na cheti huanza kuzunguka kwa chifu na kwa mawakili akitafuta kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua.

Tukiwa bado kwenye karatasi, andika wosia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamhurumia mwanajeshi kwa namna ambayo wengi hawaifahamu: wosia wa mdomo uliotolewa na raia mbele ya mashahidi wawili huwa halali endapo atafariki ndani ya miezi mitatu, lakini ule wa mwanajeshi aliye kwenye operesheni hubaki halali akifariki katika kipindi kile kile cha operesheni, hata kama miezi mitatu imekwisha pita. Ukishavua magwanda nafuu hiyo haikuhusu tena. Wosia wa maandishi, uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, ndio utakaoizuia familia yako kugombania ploti ya Lanet na ng'ombe wa nyumbani.

Suala la afya linahitaji muda zaidi ya mengine yote, na ndilo ambalo maafisa hulipuuza kwa sababu wamefunzwa kuvumilia. Masikio yaliyoharibiwa na milio ya bunduki na mizinga, magoti na mgongo vilivyoumia katika mafunzo, majeraha yaliyopatikana Somalia tangu majeshi yetu yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 2011, hayo yote yanapaswa kuchunguzwa na kuandikwa na madaktari wa jeshi kabla hujaondoka, na pale inapostahili yafikishwe mbele ya bodi ya madaktari. Fidia ya ulemavu hutegemea kuthibitisha kwamba tatizo lilitokana na kazi, na uthibitisho huo ni vigumu sana kuupata ukiwa umekaa Bungoma miaka mitano, huku faili likionyesha kwamba uliondoka ukiwa mzima. Nasema vivyo hivyo kuhusu usingizi unaokatika, hasira za ghafla na kumbukumbu za wenzako waliouawa. Waliopoteza marafiki katika shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, mwezi Januari 2016, wengi wao wakiwa wa kikosi cha Eldoret, wamebeba mzigo ambao cheo hakiuondoi, na kumwona daktari wa akili ukiwa bado ndani, ambako mwenye kukusikiliza anajua operesheni ni nini, si dalili ya udhaifu hata kidogo.

Fikiria pia utatibiwa wapi. Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi iko Nairobi, na mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayeishi Siaya hawezi kuifanya kituo chake cha kila mwezi. Uliza, na uulize kwa maandishi, mpango wa bima ya wanajeshi waliostaafu utakulipia nini, mwenzi wako na watoto wa umri gani wamo, na ni hospitali zipi za karibu zinazokubaliwa. Jisajili wewe na familia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya taifa tarehe 1 Oktoba 2024, na uhakikishe kila mtegemezi ameingizwa. Mtu wa Kisumu ana Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, wa Uasin Gishu na Trans Nzoia ana Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Ni vyema faili lako la matibabu lifunguliwe huko mapema, likiwa na nakala za historia yako yote.

Sasa fedha. Sehemu ya haki zako hulipwa kwa mkupuo na sehemu nyingine kila mwezi, na kwa maoni yangu mkupuo ndio hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa haujawahi kuwa mikononi mwako na habari zake hufika kijijini kabla yako. Malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa, kwa hiyo weka akiba ya kuendeshea nyumba kwa miezi sita isiyotegemea pensheni kabisa. Omba chama chako cha akiba na mikopo kikupe taarifa ya deni lililobaki na orodha ya wote uliowadhamini, maana mkopo wa mwenzako akishindwa kulipa utakufuata hadi Kakamega. Kisha ukubaliane na nafsi yako, na mwenzi wako akiwepo, kwamba mkupuo hautaguswa katika miezi ya kwanza isipokuwa kulipa madeni na karo.

Biashara zinazowavutia maafisa wa huku zinajulikana. Kuna matatu ya Nakuru hadi Kisumu, ambayo ni lazima iwe chini ya chama au kampuni iliyosajiliwa na ambayo humla mmiliki asiyekuwepo stendi. Kuna miwa, ambayo huchukua takriban miezi 18 shambani kabla ya kukatwa, na malipo ya kiwanda huja kwa wakati wake. Kuna mahindi ya Trans Nzoia, yanayopandwa mvua ya Machi na Aprili na kuvunwa mwishoni mwa mwaka, hivi kwamba mkulima hupata hela mara moja tu huku akitumia kila mwezi. Kuna vizimba vya samaki ziwani. Zipo pia nyumba za kupangisha wanafunzi karibu na Egerton kule Njoro au Maseno, ambazo hujaa na kuwa tupu kulingana na kalenda ya chuo. Anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya mapato yote kabla ya kutoa gharama. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo mbaya. Kibaya ni kujifunza biashara kwa fedha ya kiinua mgongo. Familia ilime ekari mbili kwa misimu miwili wewe ukiwa bado na mshahara, na hesabu za misimu hiyo ziandikwe daftarini; hasara ya gunia kumi wakati huo ni karo nafuu sana ya kujifunza.

Ardhi na nyumba ziwe tayari kabla ya siku ya kurudisha nyumba ya kambi. Tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 bei za ploti zimekuwa gumzo la kila mtu, na madalali wanawajua wastaafu. Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, na usikubali cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi badala ya hati miliki. Kwa shamba la kilimo, iwe Bahati, Njoro au Subukia, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huombwa ndani ya miezi sita tangu kutia sahihi mkataba, la sivyo ununuzi huo ni batili na linalobaki ni kudai pesa zako. Hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia. Anayenunua au kujenga kwenye tambarare za Kano au Budalang'i alitembelee eneo hilo mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha, aone maji ya Nyando au Nzoia hufika wapi. Na ndugu zetu Wajaluo wanaelewa kwamba mwanamume kuanzisha boma lake mwenyewe kuna utaratibu wake na wazee wake. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani wakati wa likizo, mapema, wala lisisubiri msongamano wa sherehe za kustaafu.

Kuhusu kazi mpya, ujuzi wa jeshi hautambuliwi na raia mpaka uwe na karatasi ya kiraia. Rubani anahitaji leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mhandisi anahitaji usajili wa Bodi ya Wahandisi, na afisa anayetaka kufungua kampuni ya ulinzi atakutana na Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016. Mitihani hiyo ifanywe ukiwa bado unapata mshahara. Nawasihi pia wale waliohudumu katika ujumbe wa kulinda amani wasiuone kuwa sura iliyofungwa. Luteni Jenerali Daniel Opande aliongoza vikosi vya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na baadaye Liberia, na Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo alisimamia mazungumzo ya Sudan, ambayo sehemu yake kubwa ilifanyika Naivasha, hadi mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Si kila meja atafika huko, lakini kaunti zetu zina migogoro ya mipaka, ya mifugo na ya ardhi, na mtu aliyewahi kukaa katikati ya pande mbili zenye silaha ana jambo la kuchangia.

Nyumbani kuna kazi ngumu kuliko ya ofisini. Mwenzi wako ameendesha nyumba miaka yote ukiwa Garissa, Manda au ng'ambo. Amechagua shule, amezika wazee, ameweka mipango na majirani. Ukirudi na kuanza kutoa amri utakuwa unaivunja kamandi iliyofanya kazi vizuri bila wewe. Tumieni likizo za miaka miwili ya mwisho kugawana majukumu upya, na watoto waambiwe wazi ni nini kitabadilika katika matumizi. Majirani wataendelea kukuita afande, nawe uwaitikie kwa heshima, ila katika mkutano wa maji au wa shule subiri zamu yako ya kusema.

Yaliyobaki ni ya miezi ya mwisho. Jiandikishe katika chama cha wanajeshi wa zamani, na usome Sheria ya Wanajeshi Waliostaafu ya mwaka 2022 ujue inakupa nini. Rudisha silaha, sare na vifaa vyote kwa orodha iliyotiwa sahihi na ubaki na nakala. Bastola ya kiraia ina leseni yake, na wajibu wa kutunza siri za serikali haukomi na utumishi. Ukiwa na nia ya kugombea kiti mwezi Agosti 2027, mweleze wakili tarehe yako ya kuondoka kabla hujamweleza mtu mwingine yeyote, kwa sababu sheria ya uchaguzi huhesabu muda kati ya kuacha utumishi wa umma na siku ya kura. Kila karatasi iliyotajwa hapa iwe na nakala tatu: moja nyumbani, moja kwa wakili, na moja kwa mtoto au ndugu anayejua mahali ilipo.