Kubadilisha hadidiski ya PS4: flashi kwanza, bisibisi baadaye

"Shikamoo fundi. Nimeshaifungua mwenyewe, imebaki kuweka tu."

Kijana aliyeniambia hivyo alitokea Chang'ombe, ya hapa hapa Dodoma. PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation, kaibeba kwenye kiroba cha unga, na hadidiski mpya ya TB 1 iko mfukoni mwa suruali pamoja na funguo. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza ya zamani iko wapi. "Nyumbani, mdogo wangu anaichezea." Flashi je? Hana. Sevu zake, yaani kumbukumbu za alipofikia kwenye gemu, kaziweka wapi? Kimya. Misimu minne ya kuifundisha timu kwenye FIFA ilikuwa ndani ya kile kidude anachochezea mtoto.

Watu huiogopa kazi hii mahali pasipo na hofu. Skrubu ni tano, na mkono uliozoea unazimaliza ndani ya dakika kumi. Kinacholiza watu ni yale wasiyoyafanya kabla ya kushika bisibisi. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio wa mezani kwangu Majengo, ambako sehemu kubwa ya kazi hufanyika mashine ikiwa bado imefungwa.

Nazungumzia PS4: ile ya kwanza iliyotoka 2013, na ndugu zake wawili wa 2016, Slim na Pro. PS5 ina utaratibu wake, kule unaongeza kadi ya M.2. Xbox One haikuundwa ili mteja aibadilishie hadidiski mwenyewe, kwa hiyo usiifungue kwa kusoma hapa.

Na jambo moja mapema. Kama PS4 yako ilifanyiwa ujanja ili icheze gemu za kukopi, usiendelee. Utaratibu huu unaweka mfumo mpya kabisa, ujanja ule utaondoka, na mashine haikubali kurudishwa kwenye toleo la nyuma.

Hatua ya 1: Kununua hadidiski inayoingia

PS4 inatumia hadidiski ya laptopu: ukubwa wa inchi 2.5, kiunganishi cha SATA, na unene usiozidi milimita 9.5. Huo unene ndio mtego. Hadidiski za inchi 2.5 zenye TB 4 au TB 5 huwa nene, kama milimita 15, na haziingii hata ukizibembeleza. Kwa hadidiski ya kawaida, mwisho wako ni TB 2.

Je, uchukue SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka ndani? Ukiweza, ndiyo. Gemu hufunguka haraka zaidi na menyu haikwami. Ila picha haitakuwa nzuri kuliko ilivyokuwa, na gemu iliyokuwa inakwama katikati ya mechi haitapona kwa sababu ya SSD. PS4 ya kwanza na Slim zinatumia SATA ya kizazi cha pili, Pro ya kizazi cha tatu. Maana yake usitumie pesa nyingi kutafuta SSD yenye kasi ya kutisha. Ya kawaida inatosha, hata kwa Pro. Mwenye kibanda cha gemu anayetaka nafasi kuliko kasi, namshauri achukue hadidiski ya kawaida ya TB 1 na chenji anunulie pedi.

Ukiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, usiipachike siku hiyo hiyo bila kuipima. Mimi nimewahi kuuziwa hadidiski "mpya", stika inang'aa, nikaichomeka kwenye kompyuta nikafungua CrystalDiskInfo: ilishawaka saa zaidi ya elfu kumi na mbili. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima bila kuzimwa. Programu hiyo ni ya bure, na inakuonyesha saa za kuwaka pamoja na afya ya diski. Ukiona njano au nyekundu, rudisha mzigo. Huna haja ya kuifomati. PS4 itaifomati yenyewe.

Hatua ya 2: Sasisha mashine, kisha hifadhi kila kitu

Washa PS4 ikiwa bado na hadidiski ya zamani, uisasishe hadi toleo la mwisho. Wengi wanairuka hatua hii. Sababu yake ni kwamba hadidiski mpya utaiwekea toleo jipya, na kazi ikikugomea ukataka kurudisha ya zamani, matoleo yakitofautiana mashine itaanza kukudai usasishaji. Yakilingana, unapachika ya zamani na maisha yanaendelea kama jana.

Halafu kombe, yaani zile "trophies". Hazimo kwenye nakala utakayoitengeneza. Ingia kwenye akaunti yako ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation, fungua orodha ya kombe, uzisawazishe na seva.

Sasa nakala yenyewe. Chomeka hadidiski ya nje ya USB iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT au FAT32. Nenda "Settings", "System", kisha "Back Up and Restore". Itakuuliza kama unataka kuhifadhi na gemu zenyewe. Ukiwa na nafasi, kubali. Bando la kushusha gemu ya GB 50 upya si la mchezo. Kama huna nafasi, ondoa alama kwenye gemu na ubaki na sevu, picha na mipangilio. Gemu za CD utazipakia tena kutoka kwenye CD.

Ipo njia fupi ya kukopi sevu peke yake kwenye flashi. Inafaa kwa mtu mmoja mwenye akaunti yake ya PSN. Mashine za vibandani ni kesi nyingine: unakuta watumiaji sita, "Mwamba", "Simba Damu", "Mgeni 2", na hakuna hata mmoja mwenye akaunti. Hapo tumia "Back Up and Restore" tu, kwa kuwa inabeba watumiaji pamoja na sevu zao.

Nakala ikikamilika, usiiamini kwa macho. Ichomeke kwenye kompyuta, hakikisha faili zipo na zina uzito.

Hatua ya 3: Flashi

Hapa ndipo simu nyingi za usiku zinapotoka. "Fundi, inaniambia haioni faili." Twende polepole.

Chukua flashi ya GB 4 au zaidi, ifomati kwa FAT32 au exFAT. NTFS haitaki. Ndani yake tengeneza folda iitwayo PS4, na ndani ya hiyo folda nyingine iitwayo UPDATE. Zote herufi kubwa.

Nenda kwenye tovuti rasmi ya PlayStation, ukurasa wa programu ya mfumo wa PS4. Utakuta mafaili mawili yenye jina lile lile. La kwanza ni la kusasisha tu, dogo. La pili, ambalo mara nyingi liko chini zaidi kwenye ukurasa, ni la kuweka mfumo upya. Lina uzito unaokaribia GB 1 au kuzidi kidogo, karibu mara mbili ya lile dogo. Unalihitaji hilo kubwa. Hadidiski mpya ni tupu kabisa, haina cha kusasishwa.

Liweke ndani ya folda ya UPDATE, likiwa na jina PS4UPDATE.PUP. Jina hili halivumilii utani. Ukilishusha mara mbili, kompyuta hulipa la pili namba kwenye mabano, na PS4 haitalitambua. Ukiliandika jina upya kwenye Windows inayoficha mikia ya faili, unaweza kuishia na PS4UPDATE.PUP.PUP bila kujua. Washa uonyeshaji wa mikia ya faili uone mwenyewe.

Hatua ya 4: Bisibisi

Zima PS4 kabisa, isiwe kwenye usingizi wa taa ya chungwa. Chomoa nyaya zote. Toa CD kama imo.

Bisibisi iwe ya nyota, namba 1. Ile kubwa ya kufungulia soketi ukutani itakula kichwa cha skrubu, halafu utaanza kumtafuta mtu wa kulaumu. Kichwa kikishaliwa, weka kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza, zungusha taratibu. Mara nyingi kinashika.

Kati ya Julai na Oktoba hewa yetu ni kavu, unavua sweta linalia cheche. Cheche hizo hizo zinaweza kuua kadi ya hadidiski. Gusa chuma kikubwa, mathalani nondo ya dirisha, kabla ya kuishika, na usifanyie kazi juu ya zulia. Funga dirisha pia. Upepo wa Dodoma mchana hauombi ruhusa.

Kwenye PS4 ya kwanza, mfuniko wa hadidiski ni ule upande wa kushoto juu, unateleza kuelekea nje ukiukandamiza na kuusukuma. Slim ina kifuniko kidogo kwenye kona ya nyuma. Pro igeuze kichwa chini, kifuniko kiko nyuma. Ndani utakuta skrubu moja yenye alama za pedi: duara, msalaba, mraba, pembetatu. Fungua hiyo peke yake, uvute kibebeo cha chuma taratibu.

Kibebeo kina skrubu nne ubavuni. Zifungue, toa hadidiski ya zamani, weka mpya ikiangalia upande ule ule. Vipira vyeusi vikidondoka virudishe, vinapunguza mtikisiko. Kaza hadi skrubu zikae, usizinyonge. Sukuma kibebeo ndani mpaka uhisi kimeshika, rudisha skrubu yenye alama, funga.

Ukiwa na brashi laini, ondoa vumbi kwenye matundu. Mashine iliyokaa mwaka Nkuhungu karibu na barabara ya udongo inatoa kikombe kizima.

Hatua ya 5: Kuweka mfumo

Kwanza angalia LUKU. Sitanii. Niliwahi kuishiwa uniti mashine ikiwa katikati ya kazi, ya mteja, naye amekaa pembeni ananiangalia. Haikufa, nilianza upya na flashi ile ile, lakini ile dakika ya giza ilikuwa ndefu. Kama una UPS, tumia.

Chomeka flashi. Chomeka pedi kwa waya wa USB, na waya uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu. Pedi inawaka taa, unabonyeza kitufe cha PS, hakuna jibu, unadhani umeua mashine. Badilisha waya kwanza.

Kandamiza kitufe cha kuwashia bila kuachia. Utasikia mlio wa kwanza, kisha baada ya sekunde kama saba mlio wa pili. Achia hapo. Menyu ya usalama itatokea. Chagua namba 7, ile iliyoandikwa "Initialize PS4 (Reinstall System Software)". Namba 6 inafanana nayo kwa jina, ila haiweki mfumo. Kubali, kisha kaa mbali na swichi. Mashine itajizima na kujiwasha yenyewe.

Ukikutana na SU-41333-4, mashine haioni flashi: badilisha tundu au ifomati upya. SU-41350-3 inamaanisha flashi inaonekana ila faili sahihi halipatikani, rudi hatua ya 3. CE-34335-8 ni kwamba hadidiski yenyewe haisomeki. Chomoa umeme, toa kibebeo, kirudishe kikae sawasawa. Ikijirudia, ipime hadidiski kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Kurudisha vyako

Rudisha nakala kabla ya kushusha gemu yoyote. Urudishaji unafuta kwanza kilichomo kwenye mashine, kwa hiyo aliyeanza na gemu ataona kazi ya usiku kucha ikiyeyuka. Chomeka hadidiski ya nje, "Back Up and Restore" tena, chagua kurejesha, nenda kapate chai.

Ukifungua "Storage" usishtuke. Hadidiski ya TB 1 itaonyesha nafasi ya kama GB 860. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa 1,024, na mfumo nao unakata chake. Ile ya GB 500 ilikuwa inabakiza kama 408 tu.

Hadidiski ya zamani usiifute kwa wiki mbili za kwanza. Ukiona kila sevu inafunguka, nunua kasha la USB 3.0, uiweke humo na kuichomeka kwenye tundu la USB la PS4 hiyo hiyo kama hifadhi ya ziada. Mashine inakubali kuanzia GB 250 hadi TB 8. Itaifomati, kwa hiyo hapo ndipo vya zamani vinapoondoka kweli.

Yule kijana wa Chang'ombe nilimrudisha nyumbani akaichukue ya zamani. Alirudi nayo ina kipande cha ubuyu kwenye kiunganishi. Nilikifuta, ikawaka, tukaanzia hatua ya 2.